Kuchagua Mji wa Kusomea Yoga: Anza na Afya Yako

  

Leo tunajibu barua ya mama mmoja wa miaka 52. Anasema ana presha ya damu na anameza tembe kila siku. Kwa miaka miwili amekuwa akijifunza yoga mara moja kwa wiki, na imemsaidia kulala vizuri na kupunguza maumivu ya mgongo. Sasa ameweka akiba aende India mwezi mmoja, asome yoga na kufanya mafungo ya kiroho. Anauliza: aende Rishikesh, Mysuru au Pune? Mwishoni mwa barua ameongeza maneno machache: rafiki yake amemwambia kwamba akifika huko ataacha tembe, kwa maana yoga itamponya.

Mama, asante kwa kutuandikia. Tuanze na hayo maneno ya mwisho, kwa sababu yanahusu uhai wako. Presha ya damu haina dalili kwa watu wengi. Unaweza kujisikia mzima kabisa huku presha iko juu, na siku moja ukapatwa na kiharusi. Ni kweli kwamba yoga, pamoja na kupunguza chumvi na uzito, inaweza kuteremsha presha kidogo. Lakini anayepunguza dawa ni daktari, baada ya kupima mara kadhaa. Hali ni hiyo hiyo kwa wenye kisukari, kifafa, pumu, na wanaotumia dawa za ARV. Mwalimu wa yoga akikuambia uache dawa, huyo si mwalimu wa kumfuata.

Sasa tuje kwenye miji. Yote mitatu ina sifa, lakini kila mmoja una mwili unaoufaa.

Mji wa kwanza ni Mysuru, ambao zamani uliitwa Mysore, kusini mwa India. Huko ndiko Krishnamacharya alikofundisha katika jumba la mfalme miaka ya 1930, na mwanafunzi wake Pattabhi Jois akaendeleza mtindo unaoitwa Ashtanga. Hali ya hewa ni ya wastani karibu mwaka mzima. Lakini Ashtanga ni kazi ngumu. Mwanafunzi huamka alfajiri na kufanya mikao mingi mfululizo, karibu kila siku ya wiki. Huwafaa vijana na waliokwisha kuzoea. Kwa mtu anayefanya yoga mara moja kwa wiki, magoti, mabega na mgongo vinaweza kuumia.

Mji wa pili ni Pune, mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka Mumbai. Ni mji wa B.K.S. Iyengar, aliyefariki mwaka 2014. Alizaliwa mwaka 1918, wakati wa ile homa kuu ya mafua, na utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Labda ndiyo sababu mtindo wake huwajali wenye miili dhaifu: hutumia viti, mikanda, blanketi na vipande vya mbao kuushikilia mwili. Mtindo huu ni mzuri kwa wenye maumivu. Hata hivyo chuo chake, kilichofunguliwa mwaka 1975, huuliza kwanza umefundishwa mtindo huo na nani na kwa muda gani. Si mahali pa kufika na kubisha hodi.

Mji wa tatu ni Rishikesh, kaskazini, mahali mto Ganga unapotoka milimani. Ni kilomita 240 hivi kutoka Delhi. Huko kuna ashram nyingi, yaani makao ya watu wanaojifunza, kusali na kutafakari. Mojawapo ilianzishwa na Swami Sivananda, ambaye kabla ya kuwa mtawa alikuwa daktari. Nyama na pombe haviuzwi mjini. Kuna masomo ya polepole kwa wanaoanza na kwa watu wazima, na kuna hospitali kubwa ya serikali, AIIMS.

Kwa hali yako, mama, ningekushauri Rishikesh, katika ashram yenye masomo ya polepole. Tena chagua majira. Mwezi wa Mei na Juni joto hukaribia nyuzi 40. Julai hadi Septemba ni mvua kubwa, maporomoko ya ardhi na mbu wa homa ya dengue. Desemba na Januari usiku ni baridi kali. Oktoba, Novemba, Februari na Machi ni miezi mizuri.

Kabla ya kulipa pesa, uliza maswali haya. Je, mwalimu atakubali usifanye mikao fulani? Mwenye presha isiyotulia au presha ya macho asisimame kwa kichwa, na asizuie pumzi kwa muda mrefu. Je, kuna siku za kufunga? Mwenye kisukari anayetumia dawa anaweza kuanguka kwa kukosa sukari mwilini. Je, kuna ibada, na ni lazima ushiriki? Ashram nyingi zina sala za Kihindu asubuhi na jioni. Kila mtu ana imani yake, na ni vizuri kujua mapema kuliko kukosana na wenyeji wako. Na je, mwalimu huomba ruhusa kabla ya kumgusa mwanafunzi? Mwili ni wako. Ukisema hapana, iwe hapana.

Sasa maandalizi. Anayetoka Kenya kwenda India lazima awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Bila cheti unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Mjamzito, mtu mwenye kinga dhaifu, na mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 azungumze kwanza na daktari kuhusu sindano hii.

Beba dawa za safari nzima na za wiki moja zaidi, kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa katika pakiti zake. Omba daktari aandike barua yenye jina halisi la dawa, kwa sababu majina ya biashara ya India ni tofauti na ya kwetu.

Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Beba pakiti za ORS. Kama tembe zako za presha ni zile za kukojoza, kisha ukaharisha, mwone daktari haraka, kwa maana mwili hukauka upesi. Usiwalishe tumbili wa Rishikesh. Ukiumwa na tumbili au mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo ya kichaa cha mbwa. Na ukirudi nyumbani ukashikwa na homa, pimwa malaria, na umwambie mhudumu ulikotoka.

Mama, nenda ukasome na utulize roho. Lakini mwezi mmoja kabla ya kukata tikiti, pita kliniki upimwe presha. Ikiwa haijatulia, ahirisha safari. Milima ya Rishikesh itakungoja.

YA KUKUMBUKA

1. Chagua mji kwa kuangalia mwili wako na majira, si umaarufu wa mji.
2. Usiache dawa bila daktari.
3. Pata chanjo ya homa ya manjano siku 10 kabla ya kufika.
4. Uliza maswali kabla ya kulipa.

Hadi wiki ijayo, mimi muuguzi wako nasema kwaheri, na uwe na afya njema.