Marekani: Kamioneti ya kazi iliyogeuzwa jitu la matope, na somo lake kwa mafundi wa magari

Mwaka 1974, Bob Chandler, aliyekuwa akifanya kazi za ujenzi katika eneo la St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, alikuwa na kamioneti ya Ford F-250 inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ilikuwa gari ya kazi na ya familia. Siku za mapumziko iliingia porini na kwenye matope. Miaka minane baadaye, gari lenye jina Bigfoot lilikuwa linaponda magari makuukuu mbele ya umati katika uwanja wa Silverdome, mjini Pontiac, jimbo la Michigan.

Safari hiyo haikuanzia katika kiwanda kikubwa. Ilianzia garajini, kwa vyuma vya malori ya jeshi na mipira ya mashine za shambani. Na kila hatua yake inaonyesha jambo ambalo mafundi wa Bukavu, Goma, Butembo na Bunia wanalijua kwa mikono yao: ukitia nguvu sehemu moja ya gari, sehemu inayofuata ndiyo inavunjika.

Garaji iliyozaliwa na ukosefu wa vipuri

Chandler hakuwa dereva wa kubembeleza gari. Ford yake iliharibika mara kwa mara, na katika sehemu hiyo ya Marekani vipuri vya magari ya namna hiyo vilikuwa shida kupatikana. Mwaka 1975, yeye, mke wake Marilyn na rafiki yao Jim Kramer walifungua garaji na duka lao, Midwest Four Wheel Drive Center.

Kamioneti ile ikawa tangazo la duka. Badala ya kueleza wateja kwa maneno, Chandler aliwaonyesha gari lenyewe: mipira mikubwa zaidi, ponti nzito zaidi, kimo cha juu zaidi. Hata jina lilitoka humo garajini. Mfanyakazi mwenzake alimwambia kwamba vyuma vinavunjika kila siku kwa sababu ya mguu wake mkubwa unaokanyaga sana mafuta. Watu wakacheka, na gari likabaki na jina hilo: Bigfoot, yaani Mguu Mkubwa.

Kwa nini kuinua bodi peke yake hakutoshi

Wengi wanaotaka gari la kupita kwenye tope huanza kwa kuinua resori. Bodi inapanda juu na gari linaonekana refu. Lakini kinachokwama kwanza si bodi. Ni ponti, ule mti mzito wa chuma unaounganisha magurudumu mawili, pamoja na kile kichwa chake cha katikati chenye meno ya diferansieli. Hata ukiweka resori ndefu namna gani, ponti inabaki pale pale, kwenye nusu ya kimo cha gurudumu. Njia rahisi ya kuiinua ni kuweka gurudumu kubwa zaidi.

Ndiyo sababu Chandler alifikia mipira yenye kimo cha inchi 48, karibu mita 1 na sentimita 22. Mtoto wa shule ya msingi akisimama kando yake anaweza kulingana nayo.

Hapo ndipo mnyororo wa matatizo unapoanza. Gurudumu kubwa ni kama jembe lenye mpini mrefu: linaipa ardhi uwezo mkubwa wa kukaza vyuma vilivyo ndani. Injini iliyokuwa inasukuma gurudumu dogo bila taabu inaanza kuchoka. Embreaji inaungua. Na mpira ukizunguka bure kwenye tope kisha ghafla ukashika jiwe au udongo mgumu, nguvu yote inarudi kwenye miti ya ponti. Mti uliotengenezwa kwa ajili ya kamioneti hukatika.

Ponti za malori ya jeshi

Jibu lilipatikana kwenye malori ya jeshi la Marekani. Malori hayo yakishastaafu huuzwa kwa raia, mazima au vipande vipande. Chandler alifunga kwenye Ford yake ponti za lori la jeshi la tani 2 na nusu, na baadaye za lori la tani 5.

Faida ya ponti hizo si unene wa chuma tu. Meno yake yamepangwa kwa kazi nzito. Katika kamioneti nyingi za kawaida, kardani huzunguka mara 3 au 4 ili gurudumu lizunguke mara moja. Katika ponti hizo za jeshi, huzunguka zaidi ya mara 6. Gari linapoteza mwendo, lakini linapata nguvu ya kuzungusha gurudumu refu bila kuua injini.

Chandler aliongeza jambo lingine lililowashangaza watu. Alifunga nyuma pia ponti inayoweza kukata kona, kama ile ya mbele. Kwa hiyo magurudumu yote manne yaliweza kugeuka, na gari kubwa likapinda mahali ambapo gari la kawaida la ukubwa huo lingerudi nyuma mara kadhaa.

Lakini ponti nzito zinataka resori nzito. Resori nzito zinataka shasi iliyotiwa nguvu. Mipira mirefu inataka usukani unaosaidiwa na mafuta yenye msukumo, kwa kuwa mikono ya mtu haitoshi. Na gari lililoongezewa uzito wote huo linataka freni nyingine. Mwishoni, kilichobaki cha kamioneti ya mwaka 1974 ni sura yake zaidi kuliko viungo vyake.

Kuelea au kuchimba

Baada ya inchi 48, Chandler alipata mipira ya inchi 66, karibu mita 1 na sentimita 68, kimo cha mtu mzima. Mipira hiyo haikutengenezwa kwa michezo. Ilikuwa ya mashine za kumwaga mbolea mashambani. Mkulima anataka mashine yake ipite juu ya udongo laini bila kuukandamiza, ndiyo maana mpira wake ni mpana na upepo wake ni mdogo. Uzito unatandazwa mahali pakubwa, kama mtu anayepita kwenye matope akiwa amekanyaga ubao.

Wajenzi wengine wa magari ya tope nchini Marekani wanafuata njia ya pili. Wanachukua mipira ya trekta, mirefu na myembamba, yenye meno makubwa, na wengine wanapunguza meno hayo kwa kisu ili mpira uwe mwepesi na utupe tope haraka. Mpira kama huo hauelei. Unakata tope na kushuka mpaka ufikie udongo mgumu wa chini, na huko ndiko unakoshika.

Ni ipi iliyo bora? Inategemea tope lenyewe. Kama chini kuna ardhi ngumu, mpira mwembamba unafika. Kama ni kinamasi kisicho na chini, mpira mwembamba unalizika gari, na mpana ndio unaoliokoa.

Kutoka dukani hadi uwanjani

Mwaka 1979, Chandler alilipwa kwa mara ya kwanza kulionyesha gari lake, mjini Denver, jimbo la Colorado. Mwaka 1981, Bigfoot ilionekana katika filamu ya Take This Job and Shove It. Mwaka huohuo, Chandler aliomba ruhusa ya mkulima mmoja, akaweka magari mawili mabovu shambani na kupita juu yake huku akirekodiwa kwa video. Ilikuwa mzaha wa kuonyesha wateja. Mtayarishaji wa maonyesho alipoiona video hiyo dukani, alimwomba arudie mbele ya watu. Chandler alisita kwanza, kwa hofu kwamba gari lake litaonekana kuwa chombo cha uharibifu. Kisha akakubali, na mchezo mpya wa magari makubwa ukazaliwa.

Mbio za ukubwa zilifika kileleni mwaka 1986 kwa Bigfoot 5, yenye mipira ya futi 10, zaidi ya mita 3. Mipira hiyo ilitoka kwenye gari refu la mizigo, kama treni isiyo na reli, ambalo kampuni ya LeTourneau ilikuwa imelitengenezea jeshi la Marekani kwa ajili ya nchi za theluji. Bigfoot 5 ina uzito wa karibu tani 13. Watu huenda kuitazama na kupiga picha, lakini si gari la kushindana.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1989, timu hiyohiyo ilitoa Bigfoot 8, na safari hii iligeuza njia. Shasi ya lori iliachwa, mahali pake pakawekwa mabomba ya chuma yaliyochorwa kwa msaada wa kompyuta, pamoja na amotisa ndefu. Baada ya miaka zaidi ya kumi ya kuongeza chuma, walioanzisha mchezo ndio waliotambua kwamba gari linalodumu ni lile lililopunguzwa uzito.

Usalama nao ulibidi ufuate. Gari refu hupinduka upesi. Leo, katika mashindano hayo, dereva hufungwa mikanda ndani ya kizimba cha mabomba, na msimamizi aliye nje huwa na kifaa cha kuzima injini kutoka mbali ikiwa dereva amepoteza uwezo.

Somo kwa barabara za mashariki ya Kongo

Kwa Marekani, tope ni mchezo. Kwa mkaaji wa Shabunda au Walikale, tope ni bei ya chumvi, sabuni na mafuta. Lori likizama, bidhaa zinachelewa sokoni na mgonjwa anachelewa hospitalini. Lakini chuma hakijui tofauti hiyo. Kinakatika kwa sababu zilezile.

Katika garaji nyingi, mwenye lori huomba aongezewe vipande vya resori ili abebe mzigo zaidi. Resori inakubali. Lakini freni imebaki ileile, ponti ileile, mipira ileile. Barabarani penye tambarare kasoro hiyo haionekani. Inaonekana kwenye mteremko kama wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, dereva anapokanyaga freni na gari halisimami. Chandler alipovunja mti wa ponti, alipoteza kipuri. Kwenye mteremko, wanaopotea ni watu waliokaa juu ya mizigo.

Na kuna upande wa barabara yenyewe. Gari lenye nguvu nyingi na mipira myembamba huchimba njia ya udongo, na shimo lililoachwa asubuhi ndilo linalomzamisha anayefuata jioni. Vizuizi vya mvua viliwekwa kwa ajili hiyo: udongo ukauke kwanza kabla malori mazito hayajapita.

Kwa mwenye gari anayetaka kulibadilisha, historia ya Ford ile ya mwaka 1974 inatoa mpangilio wa maswali kabla ya kulipa fundi. Kwanza freni na usukani: vitaweza uzito mpya? Kisha ponti na kardani: vitaweza mipira mipya? Kisha shasi. Resori na mzigo vinakuja mwisho.