Bi Kidude: Fanani Mmoja, Hadhira Tatu

Fatuma binti Baraka, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bi Kidude, alifariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013. Mara nyingi husifiwa kwa wingi wa fani zake: mwimbaji wa taarabu, mpiga ngoma, fundi wa unyago. Makala haya yanadai kwamba wingi huo haukuwa wa vipaji pekee. Ulikuwa pia ujuzi wa kutambua hadhira na kuipa kila moja stahiki yake.

Bi Kidude alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, baba yake akiwa mwuza nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Mwenyewe aliueleza kwa kutaja enzi za rupia. Katika taarabu alifuata nyayo za Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, na miongoni mwa nyimbo alizorithi ni “Muhogo wa Jang'ombe”. Hapa fanani hupokea shairi lililokwisha kutungwa. Kazi yake ni kulitia sauti, kulirefusha na kulikatiza panapofaa, huku wasikilizaji wanaoijua mitaa ya mji na mafumbo yake wakijikamilishia maana. Jina la mtaa na la zao la shambani huwatosha kuanza kufumbua.

Katika unyago uhusiano huo hubadilika. Hadhira ni wari na wanawake waliokwisha kupitia unyago, na mwimbaji ni mwalimu mwenye mamlaka. Wimbo hautolewi ili usifiwe, bali ili ufunze mwili, ndoa na heshima. Lugha ambayo hadharani ingehesabiwa kuwa matusi huwa somo ndani ya ua. Ngoma ya msondo, ambayo Bi Kidude aliipiga akiwa ameipanda na kuifunga kiunoni kwa kanga, ni sehemu ya matini yenyewe: mdundo ndio unaoamuru mwili ujibu.

Hadhira ya tatu ilikuwa ya majukwaa ya kimataifa. Mwaka 2005, mjini Newcastle, Uingereza, alitunukiwa tuzo ya WOMEX. Wengi waliomsikiliza huko hawakujua Kiswahili. Fumbo halikuwafikia, ila ukwaruzo wa sauti, ukongwe wa mwili na mshindo wa ngoma. Msondo uliotoka uani ukapanda jukwaani ulibaki chombo kilekile, lakini haukuwa tena tendo lilelile, kwa sababu hapakuwa na mwari wa kufunzwa.

Mfano huu una funzo kwa uainishaji wa fasihi simulizi. Tukiupanga wimbo kwa maneno yake tu, tutaweka katika utanzu mmoja matendo mawili yasiyofanana. Hadhira na lengo havina budi kuwa vigezo vya msingi, si maelezo ya pembeni.

Lipo pia suala la maadili. Fundi anapofariki, mtafiti hushawishika kunakili kila kilichosalia. Hata hivyo, nyimbo za unyago ziliishi kwa sababu zilikuwa na mlango. Kuzihifadhi kwa kuuvunja mlango huo ni kuyaokoa maneno na kuupoteza unyago. Njia iliyo salama zaidi ni kuwaachia makungwi wenyewe waamue kipi kiandikwe, na nani akisome.