MiG-21

'''MiG-21''' ni ndege ya kivita ya jeti yenye injini moja, iliyobuniwa katika Umoja wa Kisovyeti na ofisi ya usanifu iliyoanzishwa na Artem Mikoyan na Mikhail Gurevich. Ilianza kutumika jeshini mwaka 1959. Zaidi ya 11,000 zilitengenezwa katika Umoja wa Kisovyeti, Chekoslovakia na Uhindi, na hakuna ndege nyingine inayopita kasi ya sauti iliyotengenezwa kwa wingi kiasi hicho. Nchi za NATO ziliipa jina la Fishbed. Siku hizi inajulikana pia kupitia simuleta, yaani programu za kompyuta zinazoiga urushaji wa ndege.

== Muundo ==
Ndege hii ilikusudiwa kwa kazi moja hasa: kupaa upesi, kuifikia ndege ya adui iliyo juu sana, kurusha kombora na kurudi. Mabawa yake ni ya pembetatu na mwili wake unafanana na bomba. Hewa ya injini huingia kupitia mdomo wa mbele, na katikati ya mdomo huo kuna koni inayosogea mbele na nyuma kufuatana na mwendo wa ndege, ili hewa isiifikie injini kwa kasi mno. Katika matoleo mengi rada imewekwa ndani ya koni hiyo. Kwa kuwa nafasi ni finyu, rada nayo ni ndogo, na haioni mbali.

MiG-21 iliweza kuzidi mara mbili kasi ya sauti katika anga ya juu. Ila ilibeba mafuta machache. Matoleo ya kwanza yalikaa hewani kwa takriban dakika 45 tu. Mabawa ya pembetatu pia hupoteza mwendo haraka ndege inapokata kona kali. Inapotua hugusa ardhi kwa kasi ya karibu km 300 kwa saa, na rubani hufungua parachuti ya nyuma ili kuisimamisha.

Kombora lake la kwanza, K-13, lilinakiliwa kutoka kombora la Kimarekani la Sidewinder. Mwaka 1958 kombora kama hilo lilikwama bila kulipuka katika ndege ya China, na Wasovyeti wakapata nafasi ya kulichunguza.

== Vitani ==
Katika Vita vya Vietnam, MiG-21 za Vietnam Kaskazini zilipambana na ndege za Kimarekani zilizokuwa kubwa zaidi na zenye rada bora. Nguvu yao haikuwa ndege peke yake. Waongozaji waliokaa ardhini mbele ya rada kubwa walimwelekeza rubani kwa redio mpaka nyuma ya kundi la adui. Alirusha makombora mara moja, kisha akaondoka kwa kasi. Rubani Nguyen Van Coc anahesabiwa na nchi yake kuwa aliangusha ndege 9.

Wamarekani walitafuta njia ya kuuvunja mfumo huo. Tarehe 2 Januari 1967 kikosi cha kanali Robin Olds kiliruka na ndege za F-4 kwa njia, kwa mwendo na kwa ishara za redio zilizotumiwa kwa kawaida na F-105, ndege za mabomu ambazo zilikuwa windo rahisi. Marubani wa MiG walipanda kuzishambulia wakakuta F-4 zinawasubiri. Wamarekani walidai kuangusha 7 siku hiyo.

Mwaka 1966 rubani wa Iraki, Munir Redfa, alikimbilia Israeli na MiG-21 yake. Ndege hiyo ilipelekwa baadaye Marekani na kujaribiwa mwaka 1968. Marubani waliiona kuwa nyepesi na ya kuaminika, lakini yenye kioo kinachozuia kuona vizuri mbele.

Katika Afrika ya Mashariki, Uganda ilikuwa na MiG-21 wakati wa Idi Amin. Makomando wa Israeli walipovamia uwanja wa Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, waliharibu ndege za MiG zilizoegeshwa hapo ili wasifukuzwe wakati wa kurudi. Tanzania ilitumia pia J-7, ndege ya China iliyotokana na MiG-21.

== Ajali nchini Uhindi ==
Uhindi ilirusha MiG-21 kwa zaidi ya miaka 60, hadi ilipoiaga rasmi tarehe 26 Septemba 2025. Magazeti ya huko yaliiita "jeneza linaloruka". Mwaka 2012 Waziri wa Ulinzi A. K. Antony aliliambia bunge kwamba kati ya MiG 872 zilizonunuliwa, 482 zilipotea katika ajali, na marubani 171 walikufa. Takwimu hizo zinahusu MiG za aina zote, lakini MiG-21 ndizo zilizokuwa nyingi zaidi. Si haki kuilaumu ndege pekee: hadi mwaka 2008, Uhindi ilipopata jeti za mafunzo za Hawk, vijana walitoka kwenye ndege za polepole na kuingia moja kwa moja katika jeti inayotua kwa kasi kubwa.

== Katika simuleta ==
Mwigo unaojulikana zaidi ni wa toleo la MiG-21bis katika ''DCS World''. Ulitolewa mwaka 2014 na Leatherneck Simulations, na sasa unatunzwa na Magnitude 3. Chumba cha rubani kina rangi ya kijani-buluu kama ilivyokuwa kweli, na karibu kila swichi inaweza kubonyezwa. Rada inapoelekezwa chini hujaa alama za ardhi hata adui asionekane, jambo lililowasumbua marubani halisi. Mchezaji anayevuta usukani kwa nguvu ataona mwendo ukiporomoka mara moja. Kwa upande wa mashine, kazi imefanywa kwa uangalifu.

Mapungufu yako nje ya mashine. Katika mapambano ya intaneti mchezaji mara nyingi huruka bila mwongozaji wa ardhini, hivyo hutafuta adui kwa rada yake ndogo na kuzunguka naye kwa muda mrefu. Hivyo ndivyo marubani wa Vietnam walivyojitahidi kutopigana. Mtu akishindwa hivyo mara kumi, anaweza kuamini kwamba ndege yenyewe ilikuwa dhaifu. Ajali ya kutua nayo haimgharimu mchezaji chochote, huanza upya.

Kuna pia suala la matoleo. MiG-21bis ilianza kutengenezwa mwaka 1972, ikiwa na injini ya R-25 yenye nguvu kuliko zile za awali. Olds na Nguyen Van Coc hawakukutana nayo angani. Mapambano ya mwaka 1967 yalikuwa ya matoleo ya awali. Anayeigiza vita hivyo kwa bis ameketi katika ndege ambayo haikuwapo bado. Hata kombora la Kh-66 linalopatikana katika mwigo huu lilibuniwa kwa ajili ya toleo la awali, MiG-21PFM.

Mchezo wa ''War Thunder'' una matoleo kadhaa, pamoja na F-13 ya zamani, hivyo tofauti kati yao huonekana vizuri zaidi. Lakini wengi huurusha kwa kipanya, na kompyuta humfanyia mchezaji sehemu kubwa ya kazi ya rubani.