Tiba kwa Vitendo na Vifaa vya Kuwasaidia Wazee: Mfano wa Milima ya Uluguru

Wananchi wanafahamishwa kuwa kumtunza mzee hakuishii katika kumpa chakula na dawa. Upo utaalamu wa afya uitwao tiba kwa vitendo, ambao shabaha yake ni kumwezesha mtu aliyepungukiwa na nguvu kuendelea kufanya mambo yake ya kila siku: kuoga, kuvaa, kupika, kwenda msalani na kufika shambani. Utaalamu huo unaelezwa hapa kwa mfano wa wazee wa Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Katika nchi ya miinuko mikali ndipo hudhihirika tofauti baina ya kifaa kinachomfaa mzee na kile kinachobaki kutundikwa ukutani.

Milima hiyo huinuka nyuma ya mji wa Morogoro hadi kufikia zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake, Waluguru, hulima ndizi, mboga na mazao mengine katika miteremko, na vijiji vingi hufikiwa kwa njia za miguu ambazo wakati wa masika huwa na utelezi mkubwa. Kwa desturi yao ardhi hurithiwa kwa upande wa mama. Hivyo mwanamke mzee ana sauti katika mambo ya shamba la ukoo. Bibi wa namna hiyo akianguka na kuvunjika nyonga, hukosa kwenda shambani, na baada ya muda huacha hata kuulizwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na walio wengi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Mtoa tiba kwa vitendo haanzi kwa kutoa kifaa. Kwanza huuliza mambo matatu: mzee anataka kufanya nini, anafanyia mahali gani, na ni kitu gani kinachomzuia. Mzee anayeishi katika makazi ya wazee ya Fungafunga, mjini Morogoro, huenda akafaidika na kiti cha magurudumu. Kiti hicho hicho kikipelekwa Mgeta au Kinole, kwa mzee ambaye nyumba yake iko ubavuni mwa mlima, hakitavuka hata uwanja wa nyumba. Huyu atasaidiwa zaidi na mkongojo uliopimwa vyema, ngazi zilizochongwa katika udongo, na mti wa kushikia kandokando ya njia ya kwendea chooni.

Yafuatayo ni baadhi ya mambo yanayoweza kutengenezwa na fundi seremala wa kijijini au na jamaa wenyewe:

(a) Mkongojo. Mzee asimame wima, amevaa viatu, mikono ikining'inia. Mpini ufikie usawa wa kifundo cha mkono. Mkongojo hushikwa upande wa mguu mzima, wala si upande wa mguu mbovu kama wengi wanavyodhani. Apandapo, hutanguliza mguu mzima. Ateremkapo, hutanguliza mkongojo pamoja na mguu mbovu. Ncha yake ivikwe mpira ili usiteleze.

(b) Choo. Kuchutama ni taabu kubwa kwa mwenye magoti mabovu. Kiti imara cha mbao chenye tundu, kikiwekwa juu ya shimo, pamoja na nguzo mbili za kushikia, humwondolea mzee haja ya kuinuliwa na wengine na humhifadhia staha yake.

(c) Jikoni. Jiko likiinuliwa juu ya jukwaa la udongo, mpishi hupika akiwa amekaa kitini bila ya kuinama. Mpini wa kisu au kijiko ukizungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli huwa mnene, na vidole vyenye maumivu huweza kuushika.

(d) Mavazi. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi huvaa kwa kuanza na mkono uliopooza, na huvua kwa kuanza na mkono mzima. Kwa njia hiyo wengi huweza kujivika wenyewe.

Vifaa vya kisasa navyo vina nafasi yake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele. Ndani yake mna vifaa vya kusikilizia, miwani, visanduku vya kupangia vidonge na simu zilizorahisishwa, lakini pia mna mikongojo, viti vya kuogea na vya chooni, na vyuma vya kushikia. Simu ya mkononi nayo humwezesha jamaa aliye mlimani kumwonesha mtaalamu aliye mbali picha ya ngazi au ya choo, ili ashauriwe kabla ya kununua chochote.

Jambo hilo ni muhimu kwa sababu wataalamu bado ni wachache. Tanzania ilianza kuwasomesha watoa tiba kwa vitendo katika hospitali ya KCMC, Moshi, mwishoni mwa miaka ya 1990. Hapo hapo kipo chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya mifupa, TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981.

Visiwani hakuna milima kama ya Uluguru, lakini yapo mabaraza marefu, vidaka vya visima na sakafu za bafuni zenye utelezi. Zanzibar ilianza kutoa pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi mwezi Aprili 2016, kwa kiwango cha Sh. 20,000 kwa mwezi, na ikatunga Sheria ya Masuala ya Wazee mwaka 2020. Yako pia makazi ya wazee ya Sebleni na Welezo, Unguja, na Limbani, Pemba. Hata hivyo walio wengi wanaishi na jamaa zao, na nyumba hizo ndizo zinazohitaji kutazamwa.

Kwa hiyo jamaa wanashauriwa kumpeleka hospitali mzee aliyeanguka, aliyepooza ghafla au anayepungukiwa na uoni, kabla ya kumtafutia kifaa chochote. Baadaye wamfuate hatua kwa hatua kutoka kitandani hadi chooni na jikoni, waangalie anapojishikiza na anaposita. Muhimu zaidi, mzee mwenyewe aulizwe ni kazi gani anayotaka kurejea kuifanya, na kifaa kichaguliwe kwa ajili ya kazi hiyo.