Leseni ya Sacco Inapositishwa: Wakili Anamtetea Nani?

Kanuni za mwaka 2014 za magari ya uchukuzi wa umma nchini Kenya zinamtaka mwenye matatu awe mwanachama wa Sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kwa hiyo gari moja likisababisha ajali mbaya, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, yaweza kusitisha leseni ya Sacco nzima. Gari lako lisilo na kosa hukaa bure, na benki haisiti kudai mkopo wake.

Wengi hudhani wakili wa Sacco ndiye wakili wao. La hasha. Mteja wake ni Sacco, na huenda viongozi wakaridhia kuliondoa gari lako chamani ili leseni irejeshwe. Ukiona dalili hizo, tafuta wakili wako mwenyewe. Kabla ya kumlipa, thibitisha kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana cheti cha uwakili cha mwaka huu. Dalali anayezurura nje ya ofisi za serikali si wakili, hata akivaa tai. Patana ada kwa maandishi. Mapatano ya kulipa iwapo tu utashinda kesi hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili.

Kabla ya uamuzi, Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 inakupa haki ya kupewa notisi ya kutosha, kusikilizwa, na kuonyeshwa ushahidi utakaotumiwa dhidi yako. Usipopewa sababu za uamuzi, ziombe. Andaa mapema cheti cha ukaguzi, bima, leseni ya dereva na rekodi za kidhibiti mwendo, kwani wakili hodari asiye na karatasi mkononi hana la kusema.

Usiporidhika, rufaa huenda kwa Bodi ya Rufaa za Leseni za Uchukuzi, iliyoundwa kwa sheria ya NTSA ya mwaka 2012. Kwa kawaida Mahakama Kuu haipitii uamuzi kabla ya ngazi hiyo kutumiwa. Wakili akikuhimiza uende Mahakama Kuu moja kwa moja, mtake aandike sababu zake. Kesi ikitupwa, ada uliyolipa haitarudi, na gari litakuwa bado limeegeshwa. Muulize pia kama ataiomba Bodi isimamishe utekelezaji wa uamuzi huo hadi rufaa isikilizwe.