Je, Wajua? Gari lisilo na moshi nalo huchafua

Katika vijito vya jimbo la Washington, Marekani, samaki aina ya samoni wa koho wanaotoka baharini kutaga walikuwa wakifa kwa wingi kila mvua iliponyesha, mayai yakiwa bado tumboni. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza chanzo: kemikali inayotiwa kwenye matairi ili mpira usipasuke upesi. Ikikutana na ozoni hewani, hugeuka kuwa sumu; mvua husomba vumbi la matairi barabarani na kulimwaga mtoni. Gari la umeme halina ekzosi, sawa, lakini matairi linayo, na betri yake huliongezea uzito.

Na mfuko wa mwenye gari je? Chama cha waendesha magari cha AAA kilikadiria mwaka 2023 kuwa gari jipya humgharimu Mmarekani zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa zaidi si petroli, kama wengi wanavyodhani, bali kushuka kwa thamani ya gari lenyewe. Nalo gari la mtu binafsi kwa kawaida hukaa limeegeshwa takriban asilimia 95 ya muda wake!