Champ wa Barafu, Bazenga wa Maiki

Kitui, Mwingi, Mutomo, Wote, Makindu, leo nawaletea msee wa barafu. Eeh, barafu. Najua Kibwezi saa nane mchana barafu haimalizi hata salamu kabla igeuke maji. Tulia. Huyu msee anatuhusu kuliko vile buda yako anadhani.

Jina lake Dick Button. Mtoi wa New Jersey, Marekani, alizaliwa 1929. Alikuwa champ wa kuteleza na kuruka kwa barafu, halafu akashika maiki akawa sauti ya huo mchezo kwa TV. Games mbili, bazenga mmoja. Wasee wengi hata moja inawalemea.

Cheki vile form ilianza. Jamaa ako na miaka 12, mfupi, mnono. Kocha mmoja akachoma, akaambia buda yake huyu mtoi hawezi kuwa mtu wa barafu. Wueh! Kuchomewa hivyo mbele ya mzazi, wengi wangerudi keja wajifunike blanketi mpaka form four. Button akaenda Lake Placid kwa kocha mwingine, Mswisi anaitwa Gustave Lussi. Miaka sita baadaye, yule mnono ni champ wa Olimpiki. Shika hiyo: mzee akikuambia kitu haiwezekani, mara mob anabonga kuhusu magoti yake mwenyewe.

Ni 1948, St. Moritz, Uswisi. Button ako na 18. Ameland dabo Axel kwa mazoezi mara ya kwanza siku moja tu kabla ya fainali. Moja tu! Umau yako angesema weka hiyo kitu kwa mfuko, usituaibishe mbele ya wageni. Jamaa akaitoa mbele ya majaji. Ikaland. Hakuna binadamu alikuwa ameifanya kwa mashindano. Dhahabu. Na mpaka leo hakuna mwanaume amebeba hiyo medali akiwa mdogo kumliko.

Wacha niwachanue, ndio mkibonga na watu wa Kanairo msichomeke. Axel ndio ruka ya kipekee, unaingia ukiangalia mbele. Kuland, unaland ukiangalia nyuma. So kuna nusu mzunguko ya nyongeza, upende usipende. Dabo ni mizunguko miwili na nusu hewani, kisha unatua na mguu mmoja, juu ya kisu chembamba, na bado unatakiwa usmile. Wale wasee wetu wa Mbeni, wanaoruka sarakasi ngoma ikiwaka, wanajua hiyo hesabu vizuri: kupaa ni rahisi, kesi iko kwa kutua. Tofauti ni moja, mchanga wa Kitui unasamehe. Barafu haijui kusamehe.

Oslo, 1952, akarudi na balaa mpya. Mizunguko mitatu kamili hewani, tripo ya kwanza kwa historia ya mashindano. Dhahabu ya pili. Hapo kati alikuwa amebeba ubingwa wa dunia mara tano mfululizo, 1948 hadi 1952, na kwa jumla wa Marekani mara saba. Na mob ya hizo akiwa student wa Harvard. Ile spini ya kurukia hewani, mwili umelala sambamba na barafu, mguu nyuma? Yeye ndiye aliivumbua. Watu waliiita kwa jina lake. Wewe jina lako limeandikwa wapi zaidi ya kwa daftari ya deni ya duka?

Halafu akiwa na 22, akahepa mashindano. Wacha tubonge ganji, msee. Enzi hizo Olimpiki ilikuwa ya maamateur: medali unapewa, doh hupewi. Na huu mchezo unakula chapaa bila huruma. Buti za maana zinauzwa kivyake, visu kivyake. Barafu unalipia kwa masaa. Kocha analipwa. Nguo za kumetameta zinalipwa. Bei ya buti pekee inaweza kukununulia mbuzi kadhaa soko ya Kitui, na hapo ndipo susu angeingilia: si basi ununue mbuzi? Susu, mbuzi haifanyi dabo Axel. Button akaenda kuteleza kwa shoo za kulipwa, na 1956 akamaliza shule ya sheria Harvard. Msee wa plan A, B na C.

Sasa skiza, hapa ndio rada yenyewe. 1960, Olimpiki ya Squaw Valley, stesheni ya TV ya CBS wakampea maiki. Baadaye akahamia ABC, na kwa miaka mingi huko Marekani, ukiwasha TV kuwe na barafu, sauti ni yake. 1981 akabeba Emmy, tuzo ya TV, kama mchambuzi bora wa michezo.

Siri yake? Aliheshimu mtu wa keja. Mathe ameketi na chai, hajui tofauti ya ruka hii na ile, Button anamweleza pole pole mpaka anakuwa jaji. Na hakuwa anabembeleza mtu. Spini imelegea, anasema imelegea. Vidole vya mguu havijanyooka, anasema live, nchi nzima iskie. Lakini kitu ikiwaka, alikuwa anashangilia kuliko mashabiki. Sifa yake ilikuwa na uzito juu haikuwa ya bure.

Na bado hakutulia. Alitoa idea ya shoo inaitwa The Superstars, ikaanza 1973 ABC: unatoa champ kwa game yake, unamwingiza game za wengine. Joe Frazier, yule bondia aliyempiga Muhammad Ali, akajiandikisha kuogelea. Kwa maji ndio akagundua hajui kuogelea! Msee aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu, anapigana na pool, na pool inaongoza kwa pointi. Hiyo ndiyo TV, wasee.

Tungekuwa na Superstars ya Ukambani, ningeweka doh yangu kwa Benson Masya. Chali wa Kitui, alizaliwa 1970. Alianza na ndondi, akahamia mbio, na 1992 huko Newcastle akabeba ubingwa wa dunia wa half marathon, makala ya kwanza kabisa. Great North Run alishinda mara nne. Honolulu Marathon mara tatu. Aliaga 2003, akiwa na miaka 33 tu. Hakupata ile miaka ya baadaye ambayo Button alipata, ya kukaa nyuma ya maiki na kutuambia vile kona fulani ilichoma miguu. Sasa uliza base yenu Masya ni nani. Wakinyamaza, hiyo ndiyo aibu ya ukweli. Watajua bei ya kila sniker ya mchezaji wa Uingereza lakini champ wa kwao, kimya. Champ asiyesimuliwa anapotea mara mbili.

Na visingizio sitaki. Barafu yenyewe ilifika kwa barabara yetu. Ukitoka Emali na nganya ya Kanairo, Mombasa Road unapita hoteli ya Panari, na huko ndani ndiko walifungua uwanja wa barafu 2005. Hapo ndipo Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, walijifunza, mpaka 2018 wakapelekwa Canada wakacheza na Sidney Crosby mwenyewe, yule star wa hoki. Wazee walisema mchezo wa wazungu. Crosby hakusema hivyo.

Maiki nazo tunazo. Musyi FM inabonga Kikamba. Radio Mang'elete iko Nthongoni, Makueni, na ilianzishwa na vikundi vya akina mama. Hao mathe hawakungoja ring light.

So hizi ndizo sheria za mtaa kwa kila msee anataka kutangaza. Accent ya Atlanta na hujawahi kupita Athi River, acha. Inachoma sana. Kupiga kelele dakika tisini bila kueleza kitu, acha. Simu ya ngiri mia na hujui jina la winga wa kushoto wa timu ya ward yenu, hiyo ni hasara na kiburi juu. Kilicho moto sasa ni kujua. Ukicheza volleyball Mwingi, tuambie kwa nini ile smash ilipita. Ukikimbia Mutomo, tuelezee upepo na mlima. Ukiruka Mbeni, hesabu mizunguko kwa sauti, tujue tunachoshangilia. Sema kwa Kikamba, kwa Sheng, kwa ile lugha mathe wako anaelewa.

Dick Button aliaga Januari 2025, miaka 95. Medali alibeba akiwa kijana, lakini miaka mob ya maisha yake ilikuwa ya kufungulia watu macho. Weekend hii kuna mechi kwa field yenu, na nakuhakikishia hakuna mtu anaitangaza vizuri. Beba simu, ingia touchline, anza kubonga. Mzee akiuliza unafanya nini, mwambie uko kazini.